Mjomba, kwenye fomu niandike kazi gani?

Shikamoo Mjomba,

Safu hii naisoma kimya kimya miaka mingi, na kila nikitaka kuandika najiambia matatizo ya wenzangu ni makubwa kuliko langu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Nina miaka 43 na ni mfasiri. Au nilikuwa. Hapo ndipo penye shida yenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa najaza fomu ya kumwandikisha mwanangu shule. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Nikafika kwenye mstari wa "Kazi ya mzazi", kalamu ikasimama. Nikaandika "Mfasiri". Nikakata. Nikaandika "Biashara". Karani alipoipokea fomu akaniuliza, kwa upole tu, "Biashara gani, mama?" Nikacheka, nikasema hizi hizi ndogo ndogo. Nilipotoka nje nikakaa ndani ya gari robo saa nzima bila kuliwasha.

Kazi hii nimeifanya miaka 16. Nimefasiri mikataba, miongozo ya mitambo ya hospitali, vitabu viwili vya watoto, na vijikaratasi vya dawa nisivyoweza kuvihesabu. Zamani mtu akiniuliza nafanya nini, namjibu kabla swali halijaisha. Sasa hivi, kati ya kazi kumi ninazoletewa na mawakala, nane si za kufasiri. Ni za kuhariri tafsiri ya mashine. Malipo kwa neno ni theluthi ya nilichozoea, na maelekezo hayabadiliki: "Rekebisha makosa tu, usiandike upya." Najiona kama fundi cherehani aliyegeuzwa mpiga pasi wa nguo alizoshona mwingine.

Nikupe mfano mmoja. Ililetwa karatasi ya dawa ya kuvuta, ya wagonjwa wa pumu. Mashine ilikuwa imeandika: "Kifua kikianza kubana, vuta dawa hii mara moja." Maana iliyokusudiwa ni papo hapo, bila kuchelewa. Lakini nikamwona mgonjwa usiku, peke yake, anavuta mara moja, anaiweka chini, anangoja. Nikabadilisha. Nikaipitia karatasi yote kwa jicho hilo, nikazidisha dakika 40. Wakala akanijibu kwamba sentensi ile haikuwa na kosa la kisarufi, na kwamba muda wa ziada hautalipwa. Wala hakukosea, sarufi ilikuwa safi kabisa.

Tangu hapo nimejiandikisha kozi tatu za mtandaoni: uchambuzi wa data, uhasibu, na masoko ya kidijitali. Sijamaliza hata moja. Mdogo wangu ananiambia, "Dada, hiyo kazi imekufa, zika uendelee." Mume wangu hajui hali ilivyo. Anaona nakaa mbele ya kompyuta kila siku, anadhani kazi zipo kama zamani. Saa tisa usiku naamka, nahesabu. Asubuhi inafika, sijui nianze na nini, na siku inayeyuka.

Mjomba, nibaki au niondoke? Na nikiondoka, nitakuwa nani? Maana kwa kweli sijui kitu kingine cha kujiita.

Ni mimi,
Kalamu Iliyosimama

*

Marahaba, mpwa wangu.

Tuanze na fomu, maana hiyo haina mjadala. Andika "Mfasiri". Fomu ya shule inauliza riziki yako inatoka wapi mwaka huu. Haikuulizi utakuwa nani miaka kumi ijayo, na karani hakuwa na nia ya kukupeleka huko. Ulijipeleka mwenyewe.

Sasa hiyo "mara moja" yako. Baada ya kusoma barua nilimwita jirani yangu, nikamsomea sentensi ile bila kumweleza chochote, nikamuuliza: ungekuwa wewe ndiye mgonjwa ungefanyaje? Akasema, "Navuta mara moja, nasubiri nione." Nikamuuliza na kijana wake. Kijana akasema, "Navuta haraka." Nyumba moja, lugha moja, sentensi moja, na mmoja wao angepata taabu usiku huo. Wakala wako yuko sahihi kwamba si kosa la kisarufi. Ndiyo maana mashine haikuliona na yeye hakuliona. Uliliona wewe. Liweke hilo pembeni, tutalirudia.

Barua yako ina maswali mawili uliyoyafunga fundo moja, na nadhani ndiyo maana saa tisa usiku halifunguki. La kwanza ni la soko: je, kazi hii itadumu? La pili ni lako: mimi ni nani nisipoifanya? Unajaribu kujibu la pili kwa kungoja jibu la kwanza. Na la kwanza, mpwa wangu, halina mwenye jibu.

Nakwambia hivyo kwa sababu historia ya kazi yako imejaa watabiri waliokosea. Mwezi Januari mwaka 1954, jijini New York, watu wa Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha hadharani mashine iliyofasiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwenda Kiingereza. Mashine ile ilijua maneno 250 tu. Aliyeilisha kadi zenye sentensi hizo hakujua hata neno moja la Kirusi. Magazeti yakashangilia, na mmoja wa wakuu wa mradi akasema huenda miaka mitatu hadi mitano ingetosha kulimaliza tatizo la tafsiri katika nyanja muhimu. Mfasiri aliyesoma gazeti asubuhi ile bila shaka naye alikaa mahali robo saa. Kisha mwaka 1966 kamati ya wataalamu walioishauri serikali ya Marekani ikatoa ripoti: tafsiri ya mashine ni ya polepole kuliko ya binadamu, ina makosa zaidi, na gharama yake ni mara mbili. Fedha za utafiti zikakauka. Nina hakika wapo wafasiri waliosema basi, tumepona, na wakafa wakiamini hivyo. Halafu mwaka 2016 Google wakaihamishia huduma yao kwenye mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza zenyewe kutoka kwenye mifano mingi ya tafsiri, na tafsiri ikaanza kusomeka kama imeandikwa na mtu.

Waliosema kazi inakufa walikosea, na waliosema haitaguswa nao wakakosea. Kwa hiyo mdogo wako anapokwambia "zika", anakisia. Nami nikikwambia "tulia, watarudi tu kwa wafasiri", nitakuwa nakisia. Ninachoweza kukwambia bila kukisia ni kwamba malipo yale ya zamani, kwa kazi zile zile na mawakala wale wale, usiyapangie bajeti. Watu watakwambia mvumilivu hula mbivu. Tunda jingine huozea mtini.

Swali la pili ndilo nalolijua kwa ngozi yangu. Nilianza kazi nikiwa kijana kwenye chumba cha uchapaji, nikipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja moja, kwenye kifaa cha chuma unachokishika kiganjani. Mstari unausoma kichwa chini. Ukizoea, jicho linakamata kosa kabla mkono haujafika. Hadi leo nikiketi mbele ya meza ya mtu nazisoma barua zake kwa upande wangu, tabia mbaya, najua. Basi ikaja kompyuta. Nilichojifunza kwa miaka kikawa kitu cha kuwaonyesha wageni. Nilijiita mpanga chapa, na wapanga chapa wakawa hawapo tena. Nisikudanganye kwamba nilichukua hatua za busara. Miaka miwili nilikuwa mtu wa hasira, na waliokula hasira hiyo walikuwa wa nyumbani.

Kilichonitoa hakikuwa kutafakari. Mhariri mmoja aliniita nitazame kurasa zilizotoka kwenye kompyuta. Alisema zinamchosha macho na hajui kwa nini. Mimi nilijua kabla sijavuta kiti: nafasi kati ya maneno zilikuwa zimetanuka ovyo, mistari myeupe inateremka ukurasa mzima kama maji ya mvua kwenye kioo. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kesho uje tena." Nilienda kesho yake, na keshokutwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba risasi na kile kifaa cha chuma vilikuwa zana tu. Jicho lilikuwa bado liko kichwani mwangu, na lilikuwa na mteja.

Lakini nikwambie na upande wa pili, maana hadithi za aina hii zina kawaida ya kupambwa. Mwenzangu tuliyekaa naye meza moja alikuwa na jicho kali kuliko langu. Yeye aliondoka kabisa, akaenda kufanya shughuli isiyohusiana hata na karatasi, na kila nilipokutana naye alikuwa mtu mwepesi, mwenye raha. Hakuwa ameshindwa. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayekuombea ubaki. Nakuombea ujue unachokiacha, ukikiacha.

Na ndiyo maana hizo kozi tatu hazinishangazi. Mshika mawili moja humponyoka, wewe ulishika matatu na la nne ukiwa umelikumbatia. Usijiite mvivu. Ulichokuwa unatafuta kwenye kozi zile ni jina jipya la kuandika kwenye mstari wa fomu, na hakuna kozi inayotoa jina. Herminia Ibarra, mtafiti aliyefuatilia watu waliobadilisha kazi katikati ya maisha, alichapisha mwaka 2003 hoja iliyogeuza ushauri wa kawaida. Sisi washauri tumezoea kusema jitambue kwanza, kisha utende. Yeye aliona mambo yakienda kinyume: watu walijaribu vitu vidogo kwa mikono yao, wakakutana na watu wasiowajua, na kujitambua kukaja nyuma. Ukikaa kitako ukijiuliza "mimi ni nani", unachopata ni mwangwi wa kazi uliyonayo.

Basi hebu tufanye hivi. Nunua daftari. Chukua kazi zako kumi za mwisho za kuhariri mashine, zipitie upya. Kila mahali ulipobadilisha kitu kwa sababu ya msomaji, siyo sarufi, nakili sentensi ya mashine, chini yake yako, na chini yake mstari mmoja: nani angeumia, nani angelipa zaidi, nani angesaini asichokielewa. "Mara moja" iwe ukurasa wa kwanza. Sitaki uandike hata neno kuhusu vipaji vyako au ndoto zako. Nataka ushahidi tu, kama wa mahakamani.

Nina dau langu kuhusu kitakachotokea. Utaona makosa hayajasambaa sawasawa. Yatajikusanya mahali fulani: labda kwenye maelekezo ya dawa, labda kwenye mikataba, labda kwenye sauti ya mtoto katika kitabu cha hadithi. Pale yatakapojikusanya ndipo jicho lako linapoishi. Huenda pakakushangaza. Mimi nilidhani napenda herufi, kumbe nilichokuwa napenda ni nafasi tupu zilizo kati yake.

Ukishapata mahali hapo, tafuta mtu anayepata hasara pakiharibika, siyo wakala. Wakala ananunua maneno kwa wingi na kuyauza kwa wingi. Akikuambia jicho lako halina thamani, anasema kweli kuhusu biashara yake. Ikiwa ni dawa, nenda kwa watu wanaotoa dawa. Mwombe mfamasia au muuguzi mmoja akuache ukae na wagonjwa watano, uwasomee karatasi iliyopo, uwaulize wangefanyaje, kama nilivyomfanyia jirani yangu. Siku mbili zinatosha. Mpelekee matokeo kwenye ukurasa mmoja. Ama atakuuliza "na hizi nyingine je?", ama atakushukuru na kuiweka kwenye mafaili. Vyote viwili vinakufundisha kitu ambacho saa tisa usiku haiwezi kukufundisha. Jaribu pia ukalimani siku moja kama hujawahi, na kuwafundisha vijana wanaohariri mashine bila kuwa wamefasiri kamwe, maana nasikia hao sasa ni wengi. Ila ningekuwa wewe ningeanza na wagonjwa.

Jipe miezi mitatu, na andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda inayoonekana. Tarehe hiyo haikuamulii maisha. Inakupa ruhusa ya kutoliuliza swali kila usiku, kwa kuwa lina siku yake.

Wakati huo huo usiziache kazi za mashine, ada ya shule haijali heshima ya mtu. Kupiga pasi si dhambi, ni kibarua. Ila acha kuhesabu kwa neno. Hesabu kwa saa, kila kazi, kwa wiki tatu. Malipo ya neno yanadanganya pande zote: kuna kazi za bei ndogo zinazopita haraka, na kuna za bei nzuri zinazokula siku nzima kwa sababu mashine iliharibu ukurasa wote. Ukishajua saa yako inalipwa kiasi gani, weka kiwango ambacho chini yake hupokei. Kukataa kazi moja kwa sababu ya namba uliyoiweka mwenyewe kutakurudishia kitu ambacho sina neno zuri la kukiita. Siku ya kwanza kitakuogopesha.

Kuhusu siku inayoyeyuka. Mwaka 1933 Marie Jahoda na wenzake walichapisha utafiti wao wa Marienthal, kijiji cha Austria karibu na Vienna, ambako kiwanda kilichokuwa kikikitegemeza kijiji kilikuwa kimefungwa. Watu walikuwa na muda tele ghafla. Ungetarajia wasome zaidi. Uazimaji wa vitabu kwenye maktaba ya kijiji ulishuka karibu nusu, hata baada ya ada kuondolewa. Watafiti walijibanza mahali wakiwa na saa mkononi, wakapima mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole, wakisimama simama, na wengi wao hawakuvaa tena saa. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, humpa mtu mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao, jambo la kufanya pamoja na wengine, nafasi mbele ya jamii, na shughuli ya kila siku. Vikiondoka, mtu hulegea hata kama hana njaa.

Wewe hukufukuzwa kazi, lakini nikiisoma barua yako naona vinne kati ya hivyo vitano vimekuponyoka, kimoja kimoja, ukiwa umekaa kwenye kiti kile kile. Kwa hiyo hiyo asubuhi usiyojua uanzie wapi si dalili kwamba umeishiwa. Ni ratiba imekatika. Ianze siku kwa saa moja ya daftari kabla hujafungua barua za mawakala, saa ile ile kila siku, na angalau mara moja kwa wiki (hapa namaanisha mara moja, siyo papo hapo) kutana uso kwa uso na mfasiri mwenzako. Sidhani uko peke yako katika hili. Nadhani kila mmoja wenu amekaa kwenye gari lake.

Usingizi ukiendelea kukatika baada ya wiki mbili tatu, au ukaanza kuchukia na vile ulivyovipenda, usiningoje mimi. Nenda kwa daktari umweleze hivyo hivyo.

Limebaki moja, na nimelichelewesha kwa makusudi kwa sababu najua ndilo utakalotaka kuliruka. Mumeo. Umeandika barua ndefu kwa mzee usiyemjua, na mtu unayelala naye kitanda kimoja anadhani kazi zipo kama zamani. Najua kwa nini. Ukimwambia, itakuwa kweli. Lakini sasa hivi unafanya kazi mbili: ile ya mashine, na ile ya kuigiza mfasiri mbele yake kuanzia asubuhi, na hii ya pili ndiyo inayokuchosha zaidi na haina malipo kabisa. Usimpelekee swali la "mimi ni nani", atahangaika kukupa jibu, na sisi wanaume tukihangaika huwa tunatoa majibu mabaya. Mpelekee hesabu: kilichoingia mwaka juzi, kilichoingia mwaka huu, na ile tarehe kwenye kalenda. Kisha msomee ile sentensi ya pumu, umuulize yeye angevutaje.